Daftari la Mlangoni

Isaac aliondoka Jumanne ya pili ya Oktoba, saa tisa alasiri, akaacha chai yake mezani ikiwa nusu.

Nyumba yetu hulaza wageni, nayo ina kabati la mkate la mwaloni lililochongwa mwaka 1681; wageni wajao Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, hulipiga picha kabla ya kupanda mlima. Kando ya kabati hutundikwa daftari. Mgeni huandika jina lake na njia atakayopita. Akirudi hulikata kwa mstari. Sisi wa bondeni hatuandiki. Mwaka nilioolewa nilimsihi Isaac naye aandike, akanicheka. "Hannah, mtu huaga akienda jikoni kwake?"

Siku ile akina Pargeter, mume na mke kutoka Leeds, walikuwa wameandika kwamba wanapanda mlima Skelgarth. Ukungu ukashuka hadi ukingoni mwa ziwa. Isaac alitazama daftari, akaona jina halijakatwa, akachukua fimbo na mbwa. Nilimuuliza anapandia wapi.

"Wanakopotelea wajinga," akasema. "Na hiyo keki usiimalize."

Akina Pargeter walikuwa wameshuka tangu saa saba. Walikuwa kwenye baa ya kijijini wakikausha soksi. Walipofuata mizigo yao saa kumi na moja, waliniomba radhi kwa kusahau, na yule mama akachukua kalamu akalikata jina lao mbele yangu.

Joss, mdogo wake Isaac, ndiye anayeongoza kikosi cha uokoaji. Giza lilipoingia na Isaac hajarudi nilimwita, akaja na watu kumi na wawili.

"Shemeji, alipandia wapi?"

Sikujua. Njia ziko nne. Wakaanza na ya mashariki, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda. Kulipokucha mbwa alirudi peke yake, akitokea magharibi. Wakamkuta Isaac adhuhuri chini ya jabali, mguu umevunjika, koti amelivuta hadi masikioni. Daktari alisema ni baridi, na kwamba huenda alikuwa hai mpaka alfajiri.

Joss alisimama mbele ya daftari, kofia mkononi.

"Neno moja tu," akasema. "Na mimi sijawahi kuliandika."

Wageni watarudi Pasaka. Nikipanda kuwapelekea kondoo nyasi kavu, huandika jina langu na njia, nikirudi hulikata. Majira haya ya baridi hakuna mwingine nyumbani wa kulisoma.