Tuliwapika Wapishi

Kwa maelezo ya jirani yetu, tunayemwita Mama Spika kwa sababu habari ikimwingia haikai, shangazi yangu alionekana mchana kweupe akipika udongo. Si kufinyanga, kupika. Kaweka bati juu ya mafiga, kamwaga udongo, anaukoroga kwa mwiko na mara mojamoja anauonja. Akiulizwa unapikiwa nani, Mama Spika hushusha sauti: "Anaowapikia hawaonekani."

Hapo pa kuonja alitia chumvi. Mengine yote ni kweli. Kuni nilichochea mimi.

Shangazi ni mwotesha miche. Kile kitalu amekitunza tangu kabla mama hajaniacha mikononi mwake, nami nimekulia kati ya viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kupandia. Safari hii tuliagizwa milusina, mti wa kivuli na majani ya mifugo. Msimamizi wa mradi wenye kitalu alisema wazi kwamba miche isipopendeza kabla ya mvua, kitalu atapewa mwingine. Na shangazi, ukimtoa kitaluni, sijui utamweka wapi.

Ndipo akaja bwana shamba, mtu mpole wa maneno machache. Alichota udongo wetu kiganjani, akaunusa, akatikisa kichwa. "Shangazi, udongo huu una wadudu balaa."

Shangazi aliitikia "ahsante" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mwanawe ana chawa. Mgeni alipotoka tu, akaniambia, "Lete bati."

Tuliukaanga mpaka ukawa mwepesi kama jivu. Mbegu ziliota vizuri, shangazi akatembea kifua mbele. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano, ya chini kwanza, halafu ya juu. Tuliweka kivuli, tukaondoa kivuli. Tuliongeza maji, tukapunguza. Mimi kuna kitu kilikuwa kinanisumbua ila sikujua nikiseme vipi: nikimwagilia, udongo ule haunukii. Vumbi la njiani tu, tone likiligusa, linatoa ile harufu ya mvua ya kwanza. Wa kwetu ulikunywa maji ukanyamaza.

Bwana shamba aliporudi na kusikia habari ya bati, alikalia ndoo iliyofudikizwa.

"Mliupika?"

"Si ulisema una wadudu."

"Nilikuwa nausifia, shangazi."

"Mtu ukimwambia ana wadudu kichwani, unamsifia?"

Alicheka mpaka akavua kofia. Akakubali kwamba neno ndilo lililotuponza, maana lugha yetu inawaita wote wadudu, mchwa na hata hao wasioonekana kwa macho. Kisha akatupeleka kwenye uzio, ambako kilikuwa kimejiotea kilusina kisichopandwa na mtu, kibichi kuliko miche yetu yote. Alikichimbua taratibu. Mizizini kilishikilia vifundo vidogo kama punje za mtama. Akapasua kimoja kwa ukucha, na ndani kulikuwa kwekundu, kama nyama.

"Humu wamejaa. Wanachukua hewa hii hii tunayovuta, wanaipika iwe chakula cha mti. Mti nao unawapa sukari."

Nilikiweka kifundo kiganjani na sikutaka kukitupa. Jiko halina moto, halina moshi, na mti mzima unashiba.

"Na harufu ya mvua?" nikauliza.

"Hiyo ya ndugu zao, wengine wa humo humo udongoni."

Kumbe miaka yote nikisema mvua inanukia, nilikuwa nawanusa wao. Mama Spika hakukosea sana: wasioonekana wapo. Ila hatukuwapikia. Tuliwapika, na wapishi ndio wao.

Shangazi alishika kiuno. "Wanarudi?"

"Ukiwaleta. Lakini si wowote. Chota chini ya mlusina mkubwa, unyunyize kidogo katika kila kiriba. Mvua imekaribia, usichelewe."

Mlusina mkubwa mtaani kwetu ni mmoja, nao umeota katikati ya uwanja wa Mama Spika.

Shangazi alioga, akavaa gauni la kwendea harusini. Mimi nikabeba karai. Tulimkuta Mama Spika anafagia majani ya mti huo huo.

"Hodi, jirani."

"Karibuni," alisema, lakini geti hakulifungua.

"Nimekuja na shida. Naomba udongo wa chini ya mti wako. Karai moja tu."

Mama Spika alilitazama karai, akamtazama shangazi na gauni lake, akarudi kwenye karai.

"Wa kupika?"

"Wa kulisha miche yangu. Huu siupeleki motoni." Sauti ya shangazi ilishuka mpaka nikaisikia kwa shida. "Nisaidie, mama. Nikikosa huu, kitalu kinaondoka."

Mama Spika aliuegemeza ufagio mtini, akaja kufungua geti. Nyuma yake, pale alipokuwa amekwisha fagia, ardhi ilikuwa na unyevu wa asubuhi, na harufu yake ilitufikia hadi getini.