Wageni wa Siafu

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba Léocadie binti Hippolyte hakuweza kukaa kitako. Masista wa Kasongo walikuwa wamemfundisha kushona, kusoma na kuchora ramani ubaoni, kisha wakamkabidhi darasa la watoto wadogo. Watoto wakiimba herufi, yeye macho yake yako dirishani. Mchumba wake, André, alikuwa karani kwenye machimbo ya dhahabu Salamabila, na harusi ilipangwa kufanyika mpunga ukishavunwa. "Ukiolewa utatulia," walimwambia wanawake wa mtaani, wakidhani wanamfariji. Neno hilo la kutulia lilimtia joto mwilini kama homa.

Ndipo akapita Mamzeli Claes, mwanamke Mbelgiji mwembamba mwenye soksi ndefu na masanduku ya chupa. Alikuwa njiani kwenda Wamaza, upande wa Kabambare, kutafiti wadudu, hasa siafu, na alihitaji mtu wa kumchorea. Masista wakamtaja Léocadie. Baba yake, Hippolyte, aliyekuwa katekista, alikubali kwa sharti moja: binti alale kwa Apolline, dada mkubwa wa André, aliyeolewa huko huko Wamaza. Alidhani kuchora wadudu ni kazi isiyoweza kumdhuru mtu.

Kumbe Mamzeli hakuwataka siafu wenyewe. Alitaka wageni wao.

"Tazama," alisema siku ya kwanza, akimpa Léocadie lupe, kioo cha kukuzia. Ndani ya kisahani kulikuwa na kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele. "Huyu si siafu. Ni mbawakawa. Anatembea nao, anakula chakula chao, na hawamgusi."

Akamweleza kwamba mbawakawa wengi wamevaa koti gumu linalofunika mgongo wote. Lakini uko ukoo mkubwa ambao koti lao limekatika juu ya kiuno, tumbo limebaki wazi, linapinda huku na huku. Kwa tumbo hilo wanapenya chini ya magome, ndani ya uyoga, ndani ya mizoga, popote penye ufa. Wengine wa ukoo huo wakisuguliwa kwenye ngozi wanaiunguza. Na wachache walifuata siafu, vizazi vingi mno, mpaka wakapata kiuno chembamba na miguu mirefu kama wenyeji wao.

Léocadie alichora asubuhi nzima. Mamzeli alipoichukua karatasi, uso ulikunjamana.

"Hizi pembe za kupapasia ni za nani?"

"Za huyo mududu."

"Za siafu. Pembe za siafu zinavunjika katikati kama kiwiko. Za huyu zimenyooka. Angalia tena."

Aliangalia. Ni kweli zilikuwa zimenyooka. Aliona haya, akaichana karatasi, akaanza upya, na tangu siku hiyo akawa anaota miguu na pembe.

Kilichomsumbua Mamzeli kilikuwa hiki: mbawakawa hao walikuwa wa namna mbili, wanafanana kama mapacha. Wataalamu wengine waliwaweka katika nyumba moja. Yeye alishuku kwamba kila mmoja alitoka kwenye jamaa yake, akafika kwa siafu kwa njia yake, na kwa kuishi kwa wenyeji wale wale wakaishia kuwa na sura moja. Lakini wa namna ya pili alikuwa na mmoja tu, tena aliyevunjika nyayo. Bila pingili za nyayo hakuweza kuthibitisha lolote.

Wakawa wanafukuza siafu. Leo wako bondeni, kesho kutwa shimo liko tupu. Mvua ikinyesha walirudi wamelowa, jua likiwaka walitoka tena. Léocadie alikonda. Apolline alimwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala amesimama.

Hippolyte akaja amepanda kamio, lori la mizigo, akaleta samaki wakavu wa Nyangwe. Waliketi uani kwa Apolline.

"Huyo Mamzeli anakufundisha nini?" aliuliza.

"Anasema zamani wageni wa siafu walikaa chini ya majani kama ndugu zao. Wakaanza kufuata siafu juu ya makombo yao, wapate chakula. Aliyefanana na siafu kidogo alipona, asiyefanana aliliwa. Watoto wa waliopona wakafanana zaidi."

"Mungu hakuwaumba hivyo?"

"Sijui, baba. Pengine aliwaumba kwa namna hiyo, polepole."

Hippolyte alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Na mutu?"

"Hajaniambia habari ya mutu."

"Lakini wewe umeshajiuliza."

Léocadie alimmiminia maji mikononi. Baba yake alinawa mikono bila haraka. "Mpunga ukikatwa, urudi," alisema. "Mutu akiwaza sana peke yake anapotea."

Juma lililofuata siafu walihama. Asubuhi Mamzeli alikuja mbio, soksi zimeshuka: msafara ulikuwa unavuka njia ya shamba, umebeba mayai na watoto, tangu jana yake. Wageni wengi hupita mwishoni, kwenye mkia. Mkia ukishapita umekwisha, na hakuna ajuaye watahama tena lini. Mamzeli alikwenda kulinda shimo la zamani. Léocadie alilala kifudifudi kando ya njia, mdomoni mrija wa kuvutia wadudu kwa pumzi hadi ndani ya chupa, wenye kitambaa cha kuwazuia wasifike kooni.

Jua lilikuwa limepanda alipoona viatu vyeusi vinavyong'aa, ng'ambo ya msafara.

"Léocadie, simama."

Alikuwa André, shati jeupe, jasho usoni. Alikuja na kamio ya machimbo.

"Wamenipa nyumba kwenye kambi ya waliooa," alisema kwa haraka. "Nisipoingia na mke mwezi huu, wanampa mwingine. Padri amekubali. Twende leo, dereva ananingoja."

"Ngoja kidogo. Mkia haujapita."

"Mkia wa nini?"

"Wa siafu. André, tafadhali, usisogee."

Lakini alikuwa amekwisha kusogea. Aliruka ili aje kumshika mkono, kisigino kikatua pembeni mwa msafara. Siafu wakapanda. André alipiga kelele, akajipiga mapaja, akaivua suruali pale pale njiani. Léocadie alitupa mrija, akapiga magoti, akaanza kuwang'oa mmoja mmoja, vichwa vikibaki vimeng'ata ngozi.

Hapo, nyuma ya mguu wa mchumba wake, msafara ukawa mwembamba. Siafu walipita kwa vikundi, halafu mmoja mmoja, na katikati yao kikapita kitu chekundu chenye pembe zilizonyooka. Na nyuma yake kingine.

Aliuacha mguu. Alilala chini, akauokota mrija, akavuta pumzi.

Alipoinuka, viwili vilikuwa ndani ya chupa, na André alikuwa anaondoka kuelekea kijijini, suruali begani, akichechemea.

Mamzeli aliwaweka chini ya lupe kubwa, akahesabu kwa Kifaransa, akahesabu tena. Mmoja alikuwa na pingili nne kwenye nyayo za mbele, mwingine tano. Na midomo yao haikuwa sawa.

"Nyumba mbili!" alisema, akamshika Léocadie mabegani. "Wamefanana safarini tu!"

Léocadie alifurahi, furaha ya kweli iliyompanda mpaka kichwani, na papo hapo akamkumbuka André. Akakimbia kwa Apolline.

André alikuwa ameketi uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Apolline alikuwa anamkanda, hakuinua macho.

"Uliniacha," alisema André.

"Nilikuacha, ndiyo. Nilijua siafu hawatakuua. Wale wadudu wasingerudi."

"Na mimi ulijua nitarudi?"

"Nilidhani utabaki."

André alitikisa kichwa. "Si hasira ya miguu. Naogopa kukaa na mutu ambaye kila siku iko anatazama kando."

"Léocadie," alisema Apolline kwa sauti ya chini, "muombe musamaha. Kamio inaondoka."

Aliomba, kwa moyo wote, na machozi yakamtoka. André naye alisamehe. Hakuwa mtu mbaya. Akatoa miguu majini.

"Basi unakuja?"

Léocadie alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Leo hapana," alisema. "Na nikikuambia kesho, nitakuwa nimekudanganya."

André alivaa viatu bila kufunga kamba, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akaenda.

Alioa kabla mpunga haujaisha shambani, msichana wa Kabambare mjini, na nyumba ya kambi akaipata. Apolline hakuzungumza na Léocadie siku nyingi, ingawa chakula chake alikiacha kimefunikwa mezani. Mamzeli alipofunga masanduku alimwomba amfuate Bukavu, kuna kazi ya kuchora ya mwaka mzima. Hippolyte aliposikia alikuja, akagomba, akasali, akagomba tena. Mwisho alimletea binti yake koti lake mwenyewe la mvua, akasema Bukavu kuna baridi.

Kamio ya kwenda Bukavu ilipasuka gurudumu hata kabla hawajafika mbali. Abiria walishuka wakalala kivulini. Léocadie alijaribu kulala, akashindwa. Alizunguka kamio, akaingia kichakani, akakipindua kigogo kilichooza. Chini yake mbawakawa wa koti fupi walikimbia kila upande, weusi, wa kahawia, wengine wadogo kama vumbi, matumbo yamenyanyuliwa juu. Hakuna hata mmoja aliyefanana na siafu; hawa walikuwa ndugu waliobaki nyumbani. Alipiga magoti, akainamisha uso karibu kabisa. Dereva alipopiga honi, Léocadie hakusikia, ikabidi aitwe mara ya pili.