Pindo la Maskati

Jumanne baada ya alasiri Mwantum alikuwa barazani kwake, mtaa wa Asiatique, akibana kiuno cha gauni la Ernestine, muuza vitenge kutoka Uvira. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja kwa ndani na kukishika kwa mishono mirefu, milegevu, maana alishaona wateja wengi wakikonda na kunenepa tena.

"Umebana sana, Mama Soumaya."

"Gauni haina kosa. Uliza ndagala unazokula."

Alitania huku jicho likiwa kwenye simu. Soumaya, binti yake, alikwenda Maskati kwa kazi za nyumbani. Mkataba uliisha mwezi wa tatu, lakini bosi aliifungia pasipoti yake kabatini akamwambia asubiri. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

Ernestine alimtafutia safari kwenye simu. "Kutoka uwanja wa kule mpaka wa hapa, kilomita elfu nne na zaidi. Ndege ikinyooka, saa sita hivi. Lakini hainyooki. Kwa kubadilisha ndege, saa kumi na tano."

"Kumbe ni nguo ya mutu munene tu," Mwantum alisema. "Inabanwa."

Akaangua ukutani kalenda yenye ramani ya dunia. Akaikunja Ethiopia na bahari iliyo mbele yake kwa ndani, kama pindo, akaviunganisha viwanja viwili vya ndege kwa mishono kumi na minne. Gauni lilisubiri.

Alipokata uzi kwa meno, Soumaya alitoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mikono imejaa povu. Nyuma yake lilionekana jiko kubwa jeupe.

"Asalam aleikum, mama."

"Waleikum salam. Umekonda, we mutoto. Futa mikono, usinilowanishie gauni ya watu."

Ernestine alimpisha kwenye benchi, akamuuliza kama huko kuna joto.

Nyuma ya pazia sauti ya bosi ikaita: Soumaya, chai. Soumaya akainuka kwa mazoea. Mwantum akamkalisha kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akavuta uzi. Mishono ya namna ile hufumuka mara moja. Bahari ikarudi mahali pake, na nyuma ya pazia kukabaki kioo na ndoo. Mwantum akashusha pumzi aliyokuwa nayo kifuani tangu mwezi wa tatu.

"Pasipoti imebaki, mama."

"Ibaki. Yenyewe haili."

Alhamisi, wakala aliyempeleka Soumaya alivuka barabara na oda ya aproni kumi na mbili, za wasichana wanaoondoka wiki ijayo. Alimkuta Soumaya akipiga pasi. Akamsalimia vizuri, akamuuliza kama angependa kurudi.

"Apana," Soumaya alijibu, na kugeuza kola.

Wasichana walipokuja kupimwa, Mwantum aliwapanga barazani. Kwa kila mmoja aliandika kiuno, bega, urefu, halafu mji anaokwenda, kilomita zake na saa za ndege.

Wa mwisho aliuliza hizo kilomita ni za nini.

"Za pindo," Mwantum alisema. "Nyoosha mugongo."