Chai ya Mheshimiwa

Mbunge wetu nilimtengeneza mimi. Nilimfundisha kusema, nikamfundisha kutembea, na wakati wa kampeni nilizunguka mitaa yote nikimnadi mpaka sauti ikawa kama ya mlango mbovu. Siku ya kura nilikuwa mbele kabisa ya foleni. Sasa niseme kweli kabla hajatokea mtu wa kunisuta: alipoletwa kwangu alikuwa anasema na kutembea tayari, na ile kura yangu nadhani iliharibika. Miwani niliisahau nyumbani, nikamwekea alama bwana mmoja mwenye masharubu, kisha nikajaribu kuifuta kwa mate. Mtoto alishinda bila msaada wangu.

Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Amebeba jina la baba yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani namwita Baba, naye ananiita Shangazi. Mbele za watu namwita Mheshimiwa, tena kwa sauti, ili wajue kuwa adabu ninayo nikitaka.

Ofisi yake ya jimbo iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna chumba chake, kuna ukumbi mwembamba wenye benchi, na kuna jiko, ambalo ndilo ufalme wangu. Ukutani ipo picha yake ya kampeni, amecheka meno yote, hata yale asiyonayo. Katibu wake, mwalimu mstaafu, anakaa chini ya picha hiyo na kuwaita watu kwa zamu kama anaita mahudhurio darasani.

Bunge lisipokuwa na kikao, kila Jumamosi benchi linajaa. Huyu bomba la maji limepasuka mtaani kwake, yule mwanawe amekosa nafasi ya shule, mwingine amekwenda zahanati akakuta dawa hakuna. Na yupo mzee mmoja ambaye haji ila kwa kesi ya mbuzi wa jirani, kesi ambayo ukikusanya mabunge ya dunia nzima hayaiwezi. Mheshimiwa anawasikiliza wote. Si mvivu, nisimsingizie. Bomba la mtaa wa juu alilisimamia mwenyewe, akarudi na matope mpaka magotini, na suruali nikafua mimi. Ila ana maradhi yake ya tangu utotoni: hawezi kumtamkia mtu neno baya. Atakwambia "nitafuatilia", na ndiyo maana mtaani wamempa jina, Nitafuatilia.

Hii kazi ya chai ilianza kwa bahati mbaya. Alikuja mkulima mmoja aliyenyang'anywa shamba. Mheshimiwa alikuwa amehangaika naye ofisi hadi ofisi, na mwisho shauri lilishindikana kabisa. Akamtazama yule mkulima, maneno yakamkwama. "Mzee wangu," akasema, "hebu pita jikoni kwa Shangazi upate chai." Kisha akanifuata haraka, akaninong'oneza: "Shangazi, mwambie wewe."

Nikamwambia mimi. Yule mkulima akalia, akanywa, akaomba kikombe kingine, akaniombea heri, akaenda zake. Mheshimiwa akaona amepata dawa. Tangu siku hiyo habari njema anazitoa yeye chumbani, na habari mbaya zikawa zangu jikoni, pamoja na biskuti.

Watu si wajinga, walishtukia mapema. Mtu akitoka ofisini anaulizwa njiani, "Vipi, umenyweshwa chai?" Baadaye neno likatembea lenyewe. Timu ya mtaa ikifungwa, imenyweshwa chai. Kijana akikataliwa posa, kanyweshwa chai. Nikitokeza kichwa ukumbini kumuuliza mtu kama ana kiu, nusu ya benchi wanatazama dari. Mama mmoja nilimkimbiza na kikombe hadi barabarani, naye hakuwa na habari yoyote mbaya, nilimwonea huruma tu kwa kikohozi. Sukari ya ofisi ikawa haiishi.

Mbele ya ofisi, ng'ambo ya barabara, kuna cherehani ya mwenzangu. Watu wanamwita Fundi. Tumezoeana tangu meno yetu yapo yote. Kila jioni nilikuwa nikivuka kwenda kukaa mlangoni kwake, yeye anapiga mishono, mimi napiga domo, na chai yake ya rangi katikati yetu. Ana binti mmoja tu. Binti huyo alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi za nyumbani, na kila Jumapili alikuwa akimpigia mama yake simu. Kisha simu zikakatika.

Fundi alikuja ofisini kama watu wote, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu, ingawa nilimwambia apitie kwangu nimpenyeze. "Niache," akasema. "Nikipenyezwa, jambo langu nalo litapenyezwa pembeni."

Mheshimiwa alilishika jambo lile kwa mikono miwili. Alikwenda wizarani, akaandikia ubalozi, na kikao kilipoanza akasimama bungeni akauliza swali. Siku hiyo tulijazana kibandani kwa Fundi kusikiliza redio. Waziri akajibu kwamba serikali inafuatilia kwa karibu.

"Kumbe Nitafuatilia ana kaka yake!" nikasema, na watu wakacheka. Fundi naye alicheka. Alikuwa ameinamia redio, ameshika sindano mkononi, na uzi ulikuwa umeshachomoka.

Kikao kilipokwisha Mheshimiwa alirudi, akaniita chumbani, akafunga mlango. Sijawahi kumwona na uso ule tangu tulipomzika kaka.

"Shangazi, yule binti hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Amefariki. Alishikwa na homa, hawakumpeleka hospitali mapema. Wizara imethibitisha. Wamemzika huko huko, hata kabla sisi hatujaanza kuuliza."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni. Nje mtu alikuwa anapima misumari dukani, naisikia inavyodondoka kwenye mizani.

"Mpe chai, Shangazi," akasema.

"Hii siipiki."

"Shangazi..."

"Siipiki, Baba. Yule ni mwenzangu. Nimempokea binti yake alipozaliwa kwa mikono hii. Mkulima nilimwambia, wajane niliwaambia, hata yule wa mbuzi nimemwambia mara nyingi. Hii ni yako. Uliapa wewe mbele ya Spika, sikuapa mimi na birika langu."

Akainama, akalia kimyakimya, huku ameshika tai yake kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mama. Nikamfuta uso. Akaniahidi kwamba Jumamosi atamwambia mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Fundi akaingia, akakaa humo kitambo kidogo, akatoka uso umechangamka. Akapitia dirishani kwangu.

"Wanafuatilia bado. Na leo pia sijapewa chai!" Akanitikisia kidole. "Bana birika lako, shoga. Kwangu lisinukie."

Nikacheka. Ningefanya nini? Nilicheka kile kicheko cha kuazima, nikageuka kuosha vikombe vilivyo safi.

Jumamosi nyingine ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Mheshimiwa kila mara ananiapia kuwa leo ndiyo leo, na kila mara anaufungua mlango na kumsindikiza Fundi kwa tabasamu. Fundi akawa anazihesabia heri siku zake kwa chai asiyokunywa. Akipita mtaani anatangaza: "Mwanangu mzima, sijanyweshwa!" Hata nyumbani kwake aliacha kuchemsha. Jioni nikivuka barabara ananipa maji ya baridi, anasema chai ana nadhiri nayo mpaka binti arudi, kisha anaukanyaga mguu wa cherehani na kuanza kunieleza atakavyompokea: kitanda amekiweka upande wa dirisha, pazia jipya ameshona, atamkatalia kabisa kurudi huko. Nami naitikia, "Ndiyo, shoga. Mkatalie." Nikawa namjibu huku natazama vitambaa. Yeye ana macho ya kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Sijui nilidhani sitaonekana.

Kufikia hapo, ukumbi mzima ulikuwa umeshajua. Habari ya namna hiyo haikai ndani ya ukuta. Fundi akiingia, watu wa kwenye benchi wanaacha kubishana, na yule mzee wa mbuzi anamwachia zamu yake, yeye ambaye hamwachii zamu hata mjamzito. Nikaona: huyu mwanamke tunamzunguka sote kama kinyago. Anachekelea peke yake katikati ya watu wanaomlilia.

Basi Jumamosi ya mwisho nikaamka na uamuzi. Sikumwambia Mheshimiwa, maana angeniomba nimpe wiki moja tena, na mimi kwa yule mtoto sina ubavu. Nikawasha jiko. Nikachemsha chai ya rangi, ile anayoipenda mwenzangu, iliyokolea, sukari kidogo. Nikatoa vikombe vya wageni wakubwa. Nikaweka kimoja chake, kimoja cha Mheshimiwa, nikafikiri, nikaongeza changu. Nilisema moyoni, tutakaa wote watatu, nitamshika mkono, na yule atakayeanza kusema ndiye atakayeanza.

Nilipotoka na sinia, katibu akainua uso.

"Bi mkubwa, hiyo ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Aliye ndani ni Fundi."

"Nimezeeka, sijapofuka."

Akavua miwani yake, akaiweka juu ya meza, akasimama kama anavyosimama mtu msiba unapopita. Kwenye benchi wakavuta miguu yao ndani, mmoja mmoja, nipate njia. Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga. Ukumbi ule ni hatua chache tu, lakini sinia lilikuwa zito, na vikombe vilikuwa vinagongana hata nilipojaribu kutembea kama bibi harusi.

Karibu na mlango nikamsikia Fundi. Hakuwa na ile sauti yake ya utani.

"Mheshimiwa, leo nimekuja na kiu."

"Kiu, mama?"

"Kiu. Naomba chai."

Nikasimama. Ndani kiti kikalia.

"Wewe ni kama mwanangu," Fundi akaendelea, "nimekushonea sare ya shule na kaptula za kuchezea. Sikuulizi ya waziri wala ya ubalozi, hayo makubwa siyajui. Shangazi yako siku hizi anazungumza na vitambaa vyangu, mimi hanitazami. Mzee wa mbuzi ananiachia zamu. Na mimi nimejifanya sioni, nikasema labda nikiikimbia haitanifika. Nimechoka kukimbia, baba. Niambie tu, chai yangu ipo au haipo?"

Ningegonga, ningekohoa, ningefanya lolote lile. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye sinia, na mlango ule siku zote naufungua kwa mguu. Mguu ulikuwa umeshautangulia moyo.

"Chai!" Mheshimiwa akacheka, kile kicheko cha kwenye picha. "Mama nawe! Hebu tuliza moyo, mambo yako yanakwenda vizuri. Chai leo hakuna kabisa, gesi imekwisha tangu jana. Shangazi hata jiko hajaliwasha."

Mlango ukafunguka wote, ukagonga ukuta. Mvuke ukanipanda usoni, miwani ikafunga ukungu, nikabaki nimesimama sioni vizuri. Nilimwona Fundi kama kivuli, amegeuza shingo, anavitazama vile vikombe, kimoja, cha pili, cha tatu. Mheshimiwa alikuwa bado ameunyoosha mkono kuelekea jikoni, akimwonyesha mahali ambapo moto haujawashwa.