Majivu Kwenye Chumba Kisicho na Saa

Jamani, nilikaribia kumharibia mzee wa watu siku tisa kwa uchafu wa kwenye paji la uso!

Ngoja nieleze. Kwenye maabara yetu hapa Duluth kuna chumba hakina dirisha, hakina saa, hakina redio. Mtu anakaa humo siku kumi, taa hafifu muda wote, na mrija mwembamba mkononi mwake unapitisha damu ukutani mpaka upande wetu. Kwenye damu hiyo Daktari Solveig Aune anatafuta melatonini, homoni ambayo mwili unaimwaga ukiona usiku wake umefika. Si usiku wa nje. Usiku wa mwili wenyewe.

Sasa sisi tunaoingia humo tuna masharti, we acha tu! Hakuna kumwambia mtu habari za asubuhi. Hakuna lala salama. Hakuna kupiga miayo. Simu na saa unaacha kabatini, na mwenzako anakukagua mlangoni kuanzia kichwani mpaka viatuni. Mtu akishajua saa, basi, anaenda nyumbani na hachukuliwi tena.

Na Mzee Delbert Kroll hakutaka kwenda nyumbani. Miaka thelathini alifanya kazi zamu za usiku kwenye kiwanda cha karatasi. Mkewe, Lorna, alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo usingizi ukamkimbia. Aliniambia siku ya kwanza, "Binti, nataka kitu kimoja tu. Huyo daktari aniambie nimeharibika wapi."

Jumatano ile, siku ya tisa ya mzee humo ndani, nilitoka kanisani mbio, nimechelewa. Mwenzangu wa kunikagua alikuwa chooni. Nikasema aah, dakika mbili tu, nikabeba supu ya mzee nikaingia.

"Supu ya nini leo?" akauliza Mzee Kroll.

"Kuku."

"Huyo kuku alipita tu karibu na sufuria, eh?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia usoni, kijiko kimesimama hewani. Halafu akainamisha kichwa haraka, akaanza kunywa supu kama anakimbizwa.

Nilipotoka, mwenzangu akapiga kelele: "Pilar! Paji lako!"

Majivu! Msalaba mweusi wa Jumatano ya Majivu, ule padri anaotupaka siku hiyo moja tu kwa mwaka, mkubwa hivyo! Kwa kawaida ningeshajiona kwenye simu mara kumi. Simu iko kabatini. Haki ya Mungu!

Ningeweza kunyamaza. Lakini nikaenda kwa Daktari Aune, nikamwambia yote huku nalia. Hakunigombeza. Alinifuta paji kwa kidole chake, tukaingia pamoja.

"Delbert," akasema, "umeona nini kwa Pilar?"

"Sijaona kitu."

"Delbert."

"Uchafu. Msichana hanawi uso, mnamwajiri wa nini?"

"Mzee, nimeshamwambia," nikasema.

Akashusha pumzi. "Lorna alikuwa anapakwa kila mwaka. Nilidhani leo Jumatatu. Usimfukuze mtoto wa watu, daktari. Na mimi usinifukuze."

Mimi roho juu. Daktari akasema, "Nilikuwa nakuuliza kila ukiamka unadhani ni siku gani. Hayo majibu, kuanzia leo nayatupa, na nitaandika kwa nini. Lakini padri anapaka asubuhi, mchana, jioni. Umejua siku, hujajua saa. Na damu yako haisomi kalenda. Unabaki."

Mzee Kroll akavuta blanketi mpaka kidevuni ili tusimwone uso.

Siku ya kumi ilipokwisha Daktari Aune alikuja na karatasi yenye mstari unaopanda na kushuka, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Hujaharibika," akasema. "Hapa ndipo usiku wako unapoanza. Saa tisa ya usiku."

"Saa tisa? Mimi naingia kitandani saa nne usiku!"

"Saa nne mwili wako bado uko mchana. Kwa nini saa nne?"

Mzee akaikunjakunja ile karatasi. "Ndiyo saa ya Lorna. Nikiwa kiwandani, saa nne nilikuwa naacha mashine, nampigia simu namtakia usiku mwema, narudi kazini. Alipofariki nikasema, sasa na mimi nilale saa yake. Nimwahi."

Daktari akamshika mkono, pale pale mrija ulipokuwa. "Tutausogeza usiku wako kwa mwanga wa taa kali, asubuhi baada ya asubuhi, taratibu. Itachukua wiki kadhaa. Kwa sasa ikifika saa nne, usilale. Mtakie tu usiku mwema kama zamani."

"Halafu niendelee na shughuli zangu?"

"Halafu uendelee na shughuli zako."

Mzee Kroll akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Miaka minne nageukageuka kitandani," akasema, "kumbe mwenzangu kalala, mimi nipo zamu."