Majina Matatu kwenye Utepe

Fomu ya kusajili biashara inataka majina matatu: la kwanza lile ulipendalo, mengine ya akiba. Mimi moyoni nilikuwa na moja tu, Mama Pindo. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita marehemu mama, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo ikichakaa. Wateja wake bado wanaulizana binti yake yuko wapi siku hizi. Kwa jina hilo wangenifuata, na bila hilo ningekuwa fundi kama mafundi wengine wote. Yale mawili ya akiba niliyaokoteza tu.

Nilifanya mambo yangu kimyakimya. Miaka tisa nimemshonea mwanamke mmoja ambaye sisi mafundi wake tunamwita Tajiri. Ni mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mafundi wawili walitoka kwake wakafungua maduka yao, na leo hakuna hata mmoja anayeshona. Mmoja aliniambia wateja walimkauka tu, hajui ilikuwaje. Kwa hiyo siri yangu nilimpa mdogo wangu peke yake, maana ndiye tungefungua naye, akaniapia kwamba hatafungua mdomo.

Jumatano niliaga kwamba naenda hospitali, nikaenda ofisi ya usajili. Karani alikuwa na mafua. Aliandika jina la kwanza kwenye kompyuta, akapenga kamasi, akasema limeshachukuliwa, juzi Jumatatu. Nikamwambia ajaribu la pili. Nalo limechukuliwa. La tatu alilitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Dada, yote matatu ni ya mtu mmoja," akasema kwa sauti ya chini. "Na kayaandikisha kwa mpangilio huuhuu wako."

Nikamuuliza ni nani, akasema haruhusiwi kutaja. Nikatoka bila hata kuchukua fomu yangu.

Nikikasirika mimi sina breki. Nilimpigia mdogo wangu palepale kwenye ngazi, nikamwita msaliti, nikamwambia asikanyage tena kwangu.

"Dada, mimi uliniambia Mama Pindo tu," akasema. "Hayo mawili mengine ni yapi?"

Nikaona ananichezea shere, nikakata simu. Nilifika njia panda ndipo nikagundua kwamba anasema kweli. Yale mawili sikumwambia mtu yeyote. Hata kwenye karatasi sikuwa nimeyaandika kabla ya asubuhi ile.

Kwenye karatasi, hapana. Ila fundi halisadiki neno mpaka alione kwenye kitambaa. Ijumaa iliyopita, Tajiri akiwa ametoka, nilikata utepe mweupe nikayatarizi majina yote matatu, moja chini ya jingine, nione lipi litakaa vizuri kwenye kola. Mama Pindo lilikaa vizuri mno, nusura nilie. Kisha nikasikia mlango, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukautupa utepe kwenye kapu la masalio. Kwa Tajiri masalio hayaendi jalalani. Kila Jumamosi anayachambua mwenyewe, kipande kwa kipande, ya kujazia mito. Miaka tisa namwona akifanya hivyo. Mjinga mimi.

Dukani kwa Tajiri nilikuta ngazi mlangoni. Mchora mabango alikuwa juu yake, anamalizia herufi ya mwisho ya jina la mama yangu. Ndani, utepe wangu ulikuwa umetandazwa juu ya cherehani yangu, umepigwa pasi.

"Daktari kasemaje, mwanangu?" Tajiri akaniuliza.

Nikasema sina kitu. Akasema afadhali, maana kuna lebo mia tano za kutarizi na mkono wangu umeshalizoea jina. Hakukasirika hata kidogo. Heri angekasirika, kwa sababu upole ule ulinitisha kuliko matusi.

Nilikuwa nimeshaunyooshea mkono mkasi wangu niondoke nao. Hapo akaingia mama mmoja mtu mzima, mteja wa mama tangu mimi natambaa. Alinikumbatia hadi machozi yakamtoka.

"Nimeona jina nikiwa ng'ambo ya barabara, nikajua ni wewe umefungua," akasema. "Mama yako angefurahi. Wenzangu wote nitawaleta hapa."

Nilifungua mdomo nimwambie. Tajiri alikuwa ameshafika nyuma yangu. Alinivisha futi ya kupimia shingoni, taratibu, akainyoosha pande zote mbili zikawa sawa.

"Mpime mgeni wako, mwanangu," akasema.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwangu. Nilijua ni mdogo wangu. Nikaiacha iite, nikampima.