Gobore la Merle na Sheria ya Nusu Inchi

Ardith Kessler aliingia karakana ya shemeji yake Orrin amelikumbatia gobore kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Lilikuwa la mumewe, Merle, aliyelitengeneza kwa mikono yake majira ya baridi yote, theluji ikiwa imeziba madirisha. Merle alifariki majira ya kuchipua. Mwaka huohuo, baada ya kuomba na kukosa tangu ujana, Ardith akapata kibali cha kuwinda: elki mmoja jike, yule kulungu mkubwa kama ng'ombe, msimu wa magobore pekee, bonde la Cutter.

"Nikagulie, shemeji," alisema. "Sitaki askari wa wanyamapori aje aninyang'anye porini."

Haikuwa rahisi kwake kuja pale. Orrin na Merle, ndugu wa tumbo moja, walinuniana tangu walipogawana shamba la baba yao, na mmoja amekufa bila kumsamehe mwenzake. Lakini mjini hapakuwa na mwingine aliyeyajua magobore.

Orrin alivaa miwani. "Darubini hii kaibandika nani?"

"Merle. Macho yalikuwa yanamwishia."

"Ing'oe. Msimu huu hairuhusiwi. Na hivi vidonge vya baruti ulivyokuja navyo viweke mbali, sheria inataka baruti ya unga."

"Sawa. Kuna lingine?"

Orrin akaingiza kipimo mdomoni mwa mtutu. Akakitoa, akakifuta, akapima tena.

"Sema basi, umeng'atwa ulimi?"

"Tundu ni dogo, shemeji. Kwa kulungu wa kawaida linafaa. Kwa elki sheria inataka nusu inchi, na hili halifiki."

"Merle alisema ni nusu inchi! Kila siku alisema!"

"Merle alisema mengi."

"Umeona? Hata akiwa kaburini unamtafutia kasoro!" Ardith akalinyakua gobore, akatoka, akaubamiza mlango wa gari.

Hakuondoka. Alikaa nyuma ya usukani akilia kwa hasira, kwa sababu alijua kipimo kile hakina chuki na mtu. Baadaye Orrin akaja akagonga kioo, mkononi ana gobore lake mwenyewe.

"Chukua hili. Ni halali."

"Silitaki lako. Nataka kwenda na la mume wangu."

Orrin alikuna shingo. "Mtutu unaweza kupanuliwa. Lakini ile mifereji ya ndani ya kuizungusha risasi, aliyoichonga Merle, itafutika yote. Itabidi ichongwe upya."

"Uchonge wewe."

"Mimi? Usinipe kazi hiyo, Ardith. Mimi kati ya watu wote? Nikiharibu je?"

"Ukiharibu nitakulaani mpaka ufe. Orrin, nisikilize. Hakulitengeneza likae ukutani. Panua."

Basi akaanza. Ardith alikuwa akija mchana na chupa ya kahawa, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Unga wa chuma ulipokuwa ukidondoka, moyo ulimuuma, maana ile ilikuwa kazi ya Merle inayoanguka sakafuni. Siku moja Orrin alichungulia ndani ya mtutu, mara akacheka.

"Merle kapindisha! Tundu limekwenda upande kidogo. Tangu utotoni alikuwa hivihivi, hata msumari haunyooki mkononi mwake, na ukimwambia anakuwa mkali..."

Kicheko kikamkatika. Akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Ardith alimmiminia kahawa, akaiweka karibu na mkono wake.

Msimu ulipofunguliwa, mtutu ukiwa umeshachongwa upya, walikwenda bondeni pamoja. Njiani wakasimamishwa na askari wa wanyamapori, dada mmoja aitwaye Baca. Alilitazama gobore huku na huku, akaingiza kipimo chake. Ardith alihisi jasho mgongoni, baridi yote ile.

"Nusu inchi kamili," alisema Baca. "Zuri sana, mama. Fundi nani?"

"Mume wangu," Ardith alijibu. Kisha akaongeza, "na ndugu yake."

Orrin akajifanya anafunga kamba za viatu.

Elki alitokea kwenye miti ya mlimani jua likiwa juu, jike mnene, akanyanyua kichwa. Alikuwa mbali.

"Bado," Orrin alinong'ona. "Mwache asogee."

"Najua, nyamaza."

Alisogea. Ardith akafyatua, gobore likanguruma, moshi mweupe ukawafunika, wasione kitu. Ulipotawanyika, mnyama alikuwa amelala kwenye nyasi.

Ardith alipiga magoti kando yake, akaweka kiganja kwenye manyoya yenye joto. Orrin alivua kofia.

Kubeba nyama mpaka garini kuliwachukua hadi jioni. Orrin alikuwa akihema kama injini mbovu.

"Shemeji, pumzika usije ukanifia huku," Ardith alimwambia. "Wewe sikubebi."

"Nikatie paja moja tu, nitanyamaza."

"Paja? Utakuja kulila kwangu Jumapili, mezani, kama mtu wa familia. Haya, inua upande wako."

Orrin akainua.